Siku Tuliyoambiwa Manowari Imezama

Tangu nirudi, kila anayeingia dukani kwangu kununua chakula cha kuku anauliza kulikuwaje kule Lwakhakha. Nimeeleza vipande vipande, huyu hiki na yule kile, mpaka sasa watu wananirudishia hadithi yangu mwenyewe ikiwa imegeuka. Juzi mtu wa chama chetu aliniambia amesikia mkwe wangu aliokolewa na samaki. Ndiyo maana nimeketi kuandika, ili nyinyi marafiki zangu mlionipigia simu na kuniombea mjue ilivyokuwa kweli.

Kitale

Wambui, binti yangu, alikuwa amekuja kwangu kupumzika kabla ya kujifungua. Anaishi Mombasa na mumewe, Barasa, ambaye ni mwanajeshi wa majini. Kwao Barasa ni karibu na Lwakhakha, kule mpakani na Uganda. Siku chache kabla ya haya yote, Barasa alikuwa ametuambia kwamba meli yao inaenda baharini na simu yake haitapatikana kwa muda. Wambui amezoea. Aliniambia hivyo huku akimenya viazi.

Asubuhi ya siku yenyewe alinipigia simu Simiyu, ndugu mdogo wa Barasa, anayeishi na mama yao. Hakunisalimia kama kawaida yake.

"Mama Wambui, shemeji yuko karibu?"

"Yuko ndani, anakunywa chai."

"Basi toka nje kidogo."

Nilitoka, nikasimama karibu na tangi la maji. Akaniambia redio imesema manowari imezama, na walio ndani hawajulikani waliko. Alisema jirani ndiye aliyesikia, akaja mbio, na sasa watu wameanza kujaa nyumbani. Mama yake alikuwa ameketi chini na hasemi na mtu.

Nilimuuliza kama wana hakika ni meli ya Barasa. Akasema, "Si Barasa anafanya kwa manowari? Zimekuwa ngapi hizo?"

Neno manowari nililijua tu kama kitu cha jeshi, cha baharini. Nimeishi Trans-Nzoia maisha yangu yote. Wazazi wangu walikuja hapa kutoka Nyeri kutafuta shamba, na maji mengi niliyoyaona ni ya mto Nzoia ukifurika. Kama manowari inaelea au inaogelea, sikuwa nimewahi kujiuliza.

Nilipoingia ndani Wambui aliniangalia mara moja tu, akaweka kikombe chini.

"Ni nani?"

"Hatujui kama ni mtu. Simiyu anasema redio imesema."

"Imesema nini, Mama?"

Nikamwambia vile nilivyoambiwa, bila kuongeza na bila kupunguza, kwa sababu sikujua kingine cha kufanya. Akauliza, "Walisema manowari?" Nikasema ndiyo. Hakulia. Alishika meza kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, na nikaona mgongo wake ukipanda na kushuka.

Alimpigia Barasa na simu haikupatikana. Akawapigia wake wa wenzake wawili kule Mombasa. Mmoja hakushika. Wa pili alisema hawajasikia kitu, kisha akamuuliza mimba inaendeleaje, kwa sauti laini kupita kiasi. Wambui alikata simu akasema, "Wananificha kwa sababu ya tumbo." Akaizima, akaniwekea mkononi. "Kaa nayo. Sitaki kusoma chochote."

Kisha akaenda kufunga nguo. Nilimwambia apumzike, nitaenda mimi. Akasema kama mumewe amekufa, yeye atakuwa kwa kina mumewe, na kama hajakufa, mama Barasa hawezi kungoja peke yake. Sikubishana naye tena.

Tulimngoja Njoroge, ndugu yangu mdogo mwenye pikapu, aliyekuwa Moi's Bridge akipakia mahindi. Majirani waliingia, wakatoka, wakaingia. Mmoja alileta mandazi, na hakuna aliyeyagusa. Njoroge alipofika alikuwa bado na vumbi la mahindi kwenye nyusi. Alikuwa amemwaga mzigo wa watu kwenye ghala la rafiki yake, akaja hivyo hivyo.

Kitale hadi Kamukuywa

Wambui aliketi mbele katikati yetu, mto mmoja mgongoni na mwingine magotini. Njoroge aliendesha polepole kuliko nilivyowahi kumwona akiendesha. Kila tuta alilipanda kama anayebeba mayai.

Kwa kawaida mtu wa Kitale akienda Lwakhakha hukata Kamukuywa, akashika njia ya Kimilili. Tulipofika Kamukuywa, wenye malori walimwambia Njoroge kwamba mvua imeila barabara upande wa Chwele, na kwamba akiwa na mama mjamzito asijaribu. "Zunguka Bungoma, bana," walimwambia. "Utafika umechelewa, lakini utafika."

Wambui alishuka kunyoosha miguu, na Njoroge akanivuta kando, akanionyesha simu yake. Katika kundi lao la wafanyabiashara mtu alikuwa ametuma picha ya meli ya kijivu yenye mizinga, na chini yake maneno: manowari imezama, tuwaombee mabaharia. Hakukuwa na jina la nchi. Hakukuwa na chochote kingine.

"Nimwonyeshe?" akauliza.

"Usimwonyeshe."

Nilipogeuka, Wambui alikuwa akituangalia kutoka kando ya barabara, mkono mmoja kiunoni. Alijua tunaangalia nini. Alirudi garini kabla yetu.

Baada ya Misikhu alianza kuzungumza. Alisema watu wa kwetu humuuliza mume wake anafanya kazi chini ya maji au juu, na Barasa hukasirika, maana ameeleza mara nyingi. Alisema Barasa humwambia, manowari ni meli ya vita, basi. Ina sitaha, ina mizinga, mtu anaweza kusimama nje akaona nchi kavu. Nilimsikiliza nikidhani anamkumbuka tu mumewe, kama mtu anavyofanya. Njoroge alizima redio ya gari, ambayo hata hivyo ilikuwa ikitoa mkwaruzo tu.

Matulo

Tulipita Webuye salama, tukafika Matulo na rejeta ikaanza kutoa moshi mweupe. Njoroge alisogeza gari chini ya mikaratusi, akafungua boneti, akaruka nyuma. Maji yalikuwa yameisha na paipu ilikuwa imepasuka.

Mama mmoja alitoka kwenye boma jirani akiwa na ndoo ya maji kabla hatujaomba. Alikuwa mnene, kilemba cha manjano, na redio ndogo ikining'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Alimwona Wambui na tumbo lake, akaniambia, "Huyu hawezi kukaa kwa jua. Ingieni." Jina lake alituambia ni Mama Nelima.

Tulikaa kwenye baraza yake muda mrefu, maana Njoroge alichukua bodaboda kurudi Webuye kutafuta paipu. Mama Nelima aliweka sufuria motoni. Hakutuuliza kama tuna njaa. Aliandaa ugali wa wimbi na mboga ya mrenda iliyoungwa kwa ufuta, akaketi mbele ya Wambui kama anayelisha mtoto. Wambui alikuwa hajaonja kitu tangu ile chai. Alimega tonge moja, akameza, akamega la pili. Nilimshukuru yule mama kwa macho.

Kisha akatuuliza safari yetu ni ya nini, nami nikasema tunaenda kwa matatizo, Lwakhakha. Akatikisa kichwa kwa huruma.

"Siku ni mbaya hii," akasema. "Hata mimi tangu asubuhi nasikia hiyo ya Meri kuzama, nimeshindwa hata kupalilia."

Nilimwonea huruma. Nikamuuliza, "Meri ni wa hapa hapa? Alikuwa amevuka mto?"

Akaniangalia. "Mto gani?"

"Huyo msichana. Meri."

"Si msichana. Meri, meri ya vita. Ya baharini."

Kumbe alikuwa akisema meli. Wakati mwingine wowote tungecheka, yeye na mimi. Wambui aliacha kula. Aliweka mkono juu ya mkono wa yule mama na kumuuliza taratibu redio ilisema nini hasa, neno kwa neno.

Mama Nelima aliona sasa kwamba si habari tu kwetu. Akafikiri kabla ya kujibu. Alisema redio ya Bungoma ilisoma asubuhi kwamba manowari imezama, na kwamba walio ndani wanatafutwa. "Rakini walisema kuna matumaini," akasema. "Walisema hewa inaweza kuwatosha kwa muda. Na kwamba wenye wanatafuta walisikia kama mtu anagonga chuma kutoka ndani."

"Kutoka ndani," Wambui akasema.

"Ndiyo. Kutoka ndani, huko chini."

Wambui alinigeukia. Nilidhani anazimia. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Mama, manowari haina hewa ya kukaa nayo chini. Ikizama, maji yanaingia. Watu wanaruka, wanashika maboya, wanatafutwa juu ya maji. Hakuna mtu atagonga kutoka ndani na kusema hewa itatosha." Alivuta pumzi. "Hiyo ni nyambizi. Ndiyo hukaa chini. Imefungwa kama chupa. Kuzama ni kazi yake."

"Na ya Barasa?"

"Ya Barasa ni manowari. Nchi yetu haina nyambizi, Mama. Hakuna hata moja."

Ningependa kuwaambia kwamba nilifurahi. Niliogopa. Nimewahi kumwona mtu akipewa matumaini hospitalini na kunyang'anywa jioni, na sikutaka binti yangu apitie hapo akiwa na mtoto tumboni. Nikamwambia, "Labda yule aliyesoma alichanganya." Akasema, "Ndiyo nasema. Alichanganya neno. Lakini habari ya kugonga hakuibuni."

Aliomba simu yake. Nilimpa. Alipoiwasha tu, ujumbe ukaanza kumiminika: pole, pole sana, Mungu akutie nguvu, pole dada. Ulikuja mfululizo mpaka simu ikawa inatetemeka mkononi kama kuku aliyeshikwa. Alisoma jumbe tatu, akaizima tena. "Wote wameshamzika," akasema. "Nataka kumsikia aliyesoma."

Tulimpigia Simiyu kwa simu yangu. Nikamweleza vile Wambui alivyosema. Alisema kwa upole, kwa sauti ya mtu aliyelia, "Mama Wambui, usitupatie moyo ya bure. Mama hataweza mara mbili." Nikamwambia afungue redio basi, asikilize mwenyewe. Akasema redio imepelekwa kwa jirani, mama yake hakuweza kuvumilia sauti yake.

Njoroge alirudi na paipu na waya. Mama Nelima alitujazia maji kwenye madebe mawili, akamfungia Wambui ugali uliobaki kwenye jani la mgomba. Tulipoondoka alikuwa amesimama barabarani, redio imebanwa sikioni.

Bungoma

Kituo cha redio kilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la kuuza magodoro. Jina lake sitalitaja. Ngazi zilikuwa nyembamba na Wambui alizipanda akipumzika kila kona. Kijana wa mapokezi alitaka kujua tumekuja kutoa salamu za siku ya kuzaliwa au tangazo la kupotea kwa ng'ombe. Nikamwambia tunamtaka aliyesoma habari za asubuhi.

Alikuwa msichana anayeitwa Nafula, mdogo kuliko nilivyotarajia kwa sauti aliyokuwa nayo. Alitoka akiwa bado na vifaa vya kusikilizia shingoni, anatabasamu, akidhani labda tumekuja kumsifu. Wambui alimwambia, "Mume wangu yuko kwa manowari. Nataka kujua ulichosoma ni nini."

Tabasamu likaondoka. Alitukaribisha chumba kidogo chenye viti viwili, akatuketisha, yeye akasimama. Alifungua kompyuta na kutusomea habari yenyewe kama ilivyofika, kwa Kiingereza, kisha akaeleza. Ilikuwa ya nchi ya mbali sana, bahari nyingine kabisa. Sabmarini yao ilikuwa katika mazoezi, ikashuka, na haikupanda tena.

"Nchi gani?" Wambui akauliza. Akaambiwa. "Si yetu?" "Si yetu, dada. Hata si ya Afrika."

Wambui alifunga macho. Nilimshika bega. Chini, kwenye duka la magodoro, mtu alikuwa akishindania bei.

Nafula alifunga kompyuta. "Nilisema nini vibaya?" akauliza, si kwa kujitetea. Alitaka kujua.

"Ulisema manowari."

"Si sabmarini ni manowari? Tulifunzwa hivyo shuleni. Hata nyumbani wanasema hivyo."

"Watu wengi wanasema," Wambui akamwambia. "Mume wangu hubishana nao kila likizo. Manowari ni meli ya vita, hiyo ya kuelea. Inayoenda chini inaitwa nyambizi. Zote ni za jeshi, ndiyo watu wanazichanganya. Lakini ukisema manowari imezama, sisi wenye watu huko tunajua imekwisha. Ukisema nyambizi imezama, tunangoja kuambiwa kama imepanda."

Nafula aliketi kwenye ukingo wa meza. Alirudia yale maneno mawili kwa sauti ya chini, moja baada ya jingine. Kisha akauliza ni watu gani walioambiwa. Nikamwambia kuna nyumba Lwakhakha ambako watu wanalia tangu asubuhi. Akaziba mdomo kwa kiganja. Sikuwa nimepanga kumwambia hivyo. Tangu Matulo nilikuwa nimemwandalia maneno makali, na nilipomwona pale, msichana wa watu aliyefanya kazi yake kwa neno alilopewa na mwalimu wake, sikuyapata tena.

"Nitasahihisha saa saba," akasema. "Nitasema pole kwa jina langu. Niwape watu wa Lwakhakha salamu?"

"Usitaje nyumba," Wambui akamwambia. "Sema tu neno lenyewe vizuri."

Alitusindikiza mpaka chini kwenye pikapu. Njoroge alikuwa amenunua chapati na maharagwe kwenye mfuko, na sasa Wambui alikula bila kubembelezwa, huku akilia. Machozi yalikuwa yakidondokea chapati na hakuyajali. Njoroge alimwangalia, kisha akaniangalia mimi, hajui kama habari ni nzuri au mbaya, mpaka nilipomwambia, "Si yeye." Aliegemea usukani, akakaa hivyo kidogo kabla ya kuwasha gari.

Bungoma hadi Lwakhakha

Tulikuwa tukipita Malakisi saa saba ilipofika. Njoroge alihangaika na redio ya gari kwa mkono mmoja, na katikati ya mkwaruzo tukasikia sauti ya Nafula ikisema nyambizi, kisha ikapotea, kisha ikarudi ikisema "si manowari, na tunaomba radhi", kisha ikapotea kabisa kwenye mteremko. Hiyo ilitutosha sisi. Sikujua kama ingemtosha mama Barasa.

Niseme kidogo juu yake. Tangu watoto wetu waoane, mama Barasa na mimi tulikuwa tumekutana mara chache, nyakati za sherehe, kila mmoja akiwa na watu wake pembeni. Tulisalimiana vizuri. Tulisifiana nguo. Yeye hukizungumza Kibukusu kwa watu wake, mimi Kikuyu kwa wangu, na Kiswahili tulikitumia kama vyombo vya wageni, kwa uangalifu, kisha tukakirudisha kabatini. Njia nzima kutoka Malakisi nilikuwa nikitafuta nitamwambiaje.

Tulijua boma kabla hatujaliona. Magari mawili na pikipiki nyingi zilikuwa zimeegeshwa kando ya njia, na juu ya ua wa michongoma lilionekana hema jeupe. Vijana walikuwa bado wanakaza kamba zake. Wanawake wa kanisa walikuwa wameshawasha moto mkubwa nyuma ya nyumba.

Nyumbani kwa mama Barasa

Tulipoingia na Wambui na tumbo lake, kilio kilipanda. Walidhani amekuja kama mjane. Simiyu alikuja kumshika, na Wambui akamwambia kwa sauti ambayo watu wa karibu waliisikia, "Barasa hajafa." Kilio hakikukoma. Walidhani ni uchungu unaosema.

Mama Barasa alikuwa ndani, kwenye mkeka, miguu imenyooshwa, kichwa wazi. Wanawake wawili walikuwa wameketi kando yake. Alituona tukiingia, akafungua mikono, na Wambui akapiga magoti mbele yake kwa shida, mimi nikimshika kiwiko.

"Mayi," akamwambia, yaani mama kwa lugha yao, kama anavyomwita kila siku, "nisikilize. Si meli yake."

"Usinidanganye, mtoto wangu."

"Sikudanganyi. Tumetoka Bungoma. Tumemwona aliyesoma. Kuna meli mbili. Ya Barasa inakaa juu ya maji kama bata. Hiyo nyingine inaenda chini kama samaki, inaitwa nyambizi. Iliyopotea ni hiyo ya chini, na walio ndani wanasikika wakigonga. Na si ya kwetu, ni ya watu wa mbali."

Mama Barasa alimwangalia mdomo kama anayetaka kuyaona maneno yakitoka. Kisha akanigeukia mimi. Nadhani alijua kwamba Wambui angeweza kumdanganya kwa upendo, na kwamba mimi, ambaye hatujazoeana, singeweza.

"Mama Wambui. Ni kweli?"

"Ni kweli," nikasema. "Nilisikia kwa masikio yangu. Binti yangu mwenyewe amekula chapati."

Sijui kwa nini nilisema hilo la chapati. Lakini ndilo lililomfikia. Alinishika mkono, akaushika kwa nguvu mpaka pete yangu ikaniuma. Niliketi naye kwenye mkeka. Tulikaa hapo, mimi na yeye, kama hatujawahi kukaa.

Nje habari ilienea haraka. Mtu alikuwa amesikia redio ya saa saba kwa jirani na akaja kuithibitisha. Watu wakaanza kucheka kwa kulegea, wakipigana mabega, wengine wakiwalaumu waliokuja mbio asubuhi. Mchungaji aliomba. Mzee mmoja aliuliza kama fahali bado atachinjwa, na akanyamazishwa. Vijana wakaanza kufungua kamba za hema.

Mama Barasa alisikia mlio wa vyuma vikigongana. Aliinuka, akatoka mpaka mlangoni, mimi nyuma yake.

"Wacheni hiyo," akawaambia.

Simiyu akasema, "Mama, si Barasa yuko sawa?"

"Nimesikia. Na hao wengine?"

"Wengine gani?"

"Wenye wako chini. Wenye wanagonga." Alimgeukia Wambui. "Umesema bado wako ndani?"

"Wanasema bado, Mayi."

"Na wako na mama zao."

Vijana walisimama wamezishika kamba. Akasema hema lilale pale, na chakula kikiiva kiliwe, na mchungaji aombe tena, safari hii aombee hao. Mchungaji akamuuliza taratibu awaombee kwa majina gani. Mama Barasa alifikiri. "Sema tu watoto," akasema. "Mungu anajua wako wangapi."

Watu walirudi kuketi. Wengine walifanya hivyo kwa heshima yake tu, niliona, lakini walipoanza kuimba hakuna aliyeimba nusu nusu. Wimbo ulikuwa wa Kibukusu na sikujua maneno yake. Niliufuata kwa midomo.

Barasa alipiga simu kesho yake mchana, meli yao ilipoingia bandarini. Simiyu alimkabidhi mama yake simu. Tulisikia sauti ya Barasa ikiuliza kwa mshangao kwa nini simu yake imejaa pole. Mama yake alisikiliza, kisha akamuuliza swali moja.

"Umekula?"

Akajibiwa. Akampa Wambui simu, akaenda jikoni, akakaa huko peke yake kwa muda, na hatukumfuata.

Kurudi

Nilirudi Kitale na Njoroge kwa njia ile ile, maana ya Chwele ilikuwa bado haijapona. Wambui hakurudi nasi. Mama Barasa alimwomba abaki ajifungulie kwao, na nilipoulizwa niliona hakuna sababu ya kukataa. Matulo tulisimama kumwambia Mama Nelima, tukamkuta shambani. Alikuwa ameshasikia yale masahihisho ya saa saba. "Nilijua ni nyinyi mmewaambia," akasema. Akatulazimisha kunywa uji.

Baada ya hapo mama Barasa amekuwa akinipigia. Mwanzo ilikuwa kunijulisha hali ya Wambui. Kisha nikagundua anasikiliza habari kila zinaposomwa, ile redio ameirudisha mwenyewe kutoka kwa jirani. Ananiambia wameleta meli nyingine ya kutafuta, au kwamba bahari ni mbaya leo. Anasema nyambizi bila kusita, na akisikia mtu akisema manowari humrekebisha.

Juzi jioni nilikuwa nachambua maharagwe kwenye baraza alipopiga.

"Mama Wambui, umesikia?"

"Bado."

"Wamesema wameacha kutafuta."

Nikaweka ungo chini. Nilitaka kumwambia pole, kisha nikajiuliza ni pole ya nani. Alikuwa akilia, si kwa sauti kubwa. Nilisikia kuku wa kwao, na mtu akipasua kuni. Hakukata simu, na mimi sikukata, tukakaa hivyo kila mmoja kwake mpaka salio lake likaisha.